Kaburi la Dolphine

Bhoke binti Mniko na Caleb Obare walipendana kwa Kiswahili. Bhoke hakujua Kijaluo, Caleb hakujua Kikuria, na pale sokoni Migori walipokutana, mmoja akiuza ndizi na mwenzake akiuza samaki wa mbuta wa kukaanga, hapakuwa na lugha nyingine ya kusemeana. Basi wakachumbiana kwa lugha ya kuulizia bei. Watu wa Kehancha, kwao Bhoke, walicheka sana. Mzee Mniko hakucheka. Alimwambia binti yake, "Watu wa ziwani hawatahiri na hawana ng'ombe. Ukienda na huyo, usirudi hapa mikono mitupu." Bhoke akaenda. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yeye alikohoa mpaka tarafa nzima ikasikia.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa Karungu, juu ya mwinuko wa mawe unaotazama ghuba. Marehemu baba yake Caleb aliijenga zama za pamba, alipokuwa karani wa kiwanda. Alitaka nyumba ya kizungu, akaweka vyumba vingi kuliko watu, na madirisha marefu ya kupokea upepo wote wa ziwa. Pamba ikafa, mzee naye akafa, vyumba vikabaki. Mabati yalilia mchana kutwa. Waliokaa humo walikuwa watatu tu: Caleb, mama yake Jerusha, na sasa Bhoke. Wa nne alikuwa nje, upande wa kushoto wa mlango, chini ya tuta la udongo lililozungushiwa mawe. Huyo alikuwa Dolphine, mke wa kwanza.

"Boti ilipinduka, akaenda na maji," Caleb alimwambia siku ya kwanza. "Tukamzika hapo." Akabeba sanduku la Bhoke akaingia ndani, na habari ya Dolphine ikaishia pale mlangoni.

Mtu mwingine angeuliza. Ilipinduka vipi? Na nani mwingine alikuwamo? Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kuwa mke asiyetolewa mahari katika nyumba ya mwanamke mwingine. Ng'ombe wa Caleb walikwisha kwenda Kosele, kwa kaka zake Dolphine, na kaka mkubwa, Boaz, alikuwa ameshawatoa mahari ya mke wake mwenyewe. Kwao Bhoke hakwenda hata mbuzi. Alijiona kama mgeni aliyekaribishwa kwa hisani, na mgeni wa hisani hapekui kabati.

Hata hivyo macho hayana pazia. Aliona kwamba Jerusha akianza kufagia lile kaburi, Caleb hutafuta sababu ya kutoka bomani. Aliona kwamba wavuvi wa pale ufukweni humchangamkia vizuri, mpaka mmoja wao ataje Mfangano. Hapo kila mtu hukumbuka wavu wake umechanika. Caleb alikwenda kisiwani huko kununua samaki, peke yake, hakuchukua kijana wala mwenzake. Bhoke alipoomba waende pamoja, alijibiwa mkato: "Popote, mama. Si Mfangano."

Mwaka ule wa tisini na saba gugumaji lilikuwa limeiziba karibu ghuba yote, kijani mpaka upeo wa macho, ukadhani unaweza kutembea juu yake ukafika Uganda. Chini ya majani hayo kulikuwa na nyoka na viboko. Bhoke alipopata mimba Caleb alimkataza kabisa kukaribia maji. Aliyateka mwenyewe, akapanda nayo mlima, mwanamume mzima na ndoo begani, watu wakimcheka. Bhoke alimpenda kwa hilo mpaka machozi. Kisha siku moja akajiuliza: mbona huyu hataki nifike ziwani? Na wasiwasi ukishapata kigoda moyoni, hauinuki tena kirahisi.

Aliyekuja kuupikia chai wasiwasi huo ni Scovia, jirani muuza dagaa wa omena, mwanamke mwema asiye na hila hata chembe. Walikuwa wakianika omena, Scovia akamwona Bhoke anazunguka mbali ili asipite kando ya lile tuta.

"Sasa wewe unaogopa hiyo kaburi ya nini?" akacheka. "Hiyo kaburi si haina mtu."

Alisema kama anavyosema leo kuna jua, akaendelea kugeuza omena zake. Na hapo ndipo Bhoke alipojimaliza mwenyewe. Badala ya kusema, dada, hebu nieleze, alisema, "Najua." Aliona aibu kuonekana mgeni. Alikuwa amechoka kuonekana mgeni.

Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Caleb alisema tulimzika hapo. Scovia anasema hapo hapana mtu. Basi Dolphine yuko wapi? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Alimtazama mumewe akila, akinyoa ndevu, akimfunga mbuzi wa mama yake, naye Bhoke akiutafuta mkono ulioua. Hakuuona. Mikono ilikuwa ile ile, yenye makovu ya nyavu, inayomkanda miguu iliyovimba kila jioni bila kuambiwa. Angemchukia ingekuwa nafuu, kwa sababu anayemchukia mtu hukimbia. Yeye alimpenda na alimwogopa kwa moyo ule ule mmoja, na moyo huo ulikuwa unapasuka.

Ndipo ikaja Alhamisi. Caleb alirudi kutoka kisiwani, akamketisha kitandani, akafunga mlango ili mama asisikie.

"Jumapili twende Mfangano," akasema. "Mimi na wewe tu. Kuna kitu lazima uone kabla mtoto azaliwe. Lakini usiambie Mama. Usiambie mtu yeyote."

Bhoke alitikisa kichwa kukubali. Miaka yote ile amekatazwa, leo anaitwa. Wawili tu. Kwa boti. Mtu yeyote asijue.

Akimbilie wapi? Kwa Mniko mlango umefungwa. Aende kwa chifu? Aseme nini, kwamba mume wangu ananikanda miguu na kunialika kisiwani? Aliwaza mpaka akabakiwa na jambo moja tu la kufanya, na tusimcheke, maana mtu aliyekata tamaa hana wazimu, ana njia moja tu. Kama chini ya lile tuta kuna mifupa ya mwanamke, basi Scovia ni mpuuzi, mumewe ni mkweli, na Jumapili atapanda boti akiimba. Alitaka mifupa. Alimwomba Mungu mifupa kama wengine wanavyoomba mvua.

Jumamosi wote walikwenda kanisani. Wasabato wa Karungu hawaendi kanisani, huhamia, na kabla ya alasiri huoni mtu. Caleb alikuwa miongoni mwao kwa ajili ya mama yake. Bhoke alisema anaumwa. Walipopotea nyuma ya mawe akatoa jembe.

Udongo ulikuwa wa mchanga, ulikubali. Alichimba huku tumbo likimzuia kuinama, jasho likimwingia machoni, akiomba radhi kwa Dolphine kwa Kikuria, lugha ambayo Dolphine hakuijua. Hakufika mbali. Jembe lilikamata blanketi. Akapiga magoti akalitoa kwa mikono, akalifunua. Ndani yake mlikuwa na gauni la kike la buluu, limeoza mikunjoni. Ndani ya gauni mlikuwa na tunda la mvungunya, refu kama mkono wa mtu, limekauka likawa gogo.

Tunda! Limevikwa nguo za mtu, likafunikwa blanketi, likawekewa mawe, na mama mzima wa kanisa analifagilia! Bhoke alilishika kwa mikono miwili. Alijua sasa. Mumewe ni muuaji, na nyumba nzima ni wachawi.

Jerusha ndiye aliyemkuta. Alikuwa ametoka kanisani kabla ya mahubiri kwa kuwa alimwonea huruma mkwewe aliyebaki peke yake na ugonjwa. Aliona shimo, aliona gauni la buluu, akapiga ukunga uliofika mpaka ufukweni. Watu wakaja mbio na Biblia mikononi. Bhoke akasimama katikati ya udongo, akapiga kelele zaidi ya mama mkwe.

"Dolphine yuko wapi? Caleb, umemweka wapi? Umemuua, ukazika mti! Na Jumapili ilikuwa zamu yangu!"

Hakuna aliyemshika. Walirudi nyuma, kama wanavyomkimbia mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Caleb alikuwa amefika mbele. Alimtazama mkewe, akatazama lile tunda, na uso wake ukawa wa mtu aliyechapwa na mzazi bila kosa.

Mzee Zablon, amu yake Caleb, ndiye aliyejongea. Alisema Kiswahili chake cha taratibu, kila neno likiwekwa chini kama yai.

"Binti ya Mniko. Kwenu mtu akipotea kwa maji, asionekane, mnafanya nini?"

Akaendelea mwenyewe, akilinyooshea mkono lile tunda.

"Sisi hatuachi mtu wetu bila kaburi. Mwili ukikosekana, tunazika hiyo tunda. Yago. Tunaivalisha nguo yake, tunalia, tunaita jina lake. Hiyo ndiyo mtu. Kanisa ni Jumamosi, lakini mila ni kila siku. Kijiji chote kilikuwa hapa kulia. Hata Scovia alilia. Hukuambiwa?"

Kwa kitambo kifupi Bhoke alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote duniani. Hakuua! Mume wangu hakuua! Alicheka akalia, akamkimbilia Caleb na mikono ya udongo. Caleb alimpokea. Akamwambia neno moja tu, sikioni, bila hasira: "Ungeniuliza."

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Zablon alisema kaburi lililofunguliwa haliwezi kufungwa kimya kimya. Lazima tunda jipya lizikwe, tena mbele ya watu wa marehemu, na mume mwenyewe alishike na kuita jina. Habari ikapelekwa Kosele. Habari njiani hunenepa. Ilipofika kwa kaka zake Dolphine ilikuwa hivi: mke wa pili wa Caleb amefukua ushahidi, na amesema kwa kinywa chake kwamba dada yenu aliuawa.

Walikuja na mapanga, Boaz mbele. Hawakukaa, hawakunywa maji. Boma lilijaa watu. Zablon akamkabidhi Caleb tunda bichi, zito, likiwa limefungwa kwenye leso ya Jerusha.

"Sema," akamwamuru. "Dolphine, binti ya Kosele, lala hapa, hii ndiyo nyumba yako."

Caleb alilishika kifuani. Midomo ilifunguka. Haikutoka sauti.

"Sema!" Boaz akanguruma. "Ile mara ya kwanza ulisema mbio mbio. Leo unaogopa nini?"

Caleb akaliweka tunda chini polepole. "Siwezi," akasema.

Mabati yakalia juu ya vichwa vyao. Kisha vurumai. Vijana wa Kosele walimzunguka, mmoja akamkaba shati. Kumbe ni kweli! Kumbe mkewe hakukosea! Jerusha alikuwa chini amemshika Boaz miguu. Caleb hakujitetea hata kwa mkono. Alisimama anatazama upande mmoja tu, alipokuwa Bhoke, na Bhoke akahisi baridi ya ile hofu ya zamani inampanda tena. Kwa nini hawezi? Ikiwa hakuua, kwa nini hawezi? Na Caleb aliiona baridi hiyo ikimwingia machoni. Mapanga hakuyajali. Hilo hakuliweza.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Bhoke, tafadhali. Usiniangalie hivyo."

"Basi sema ukweli!" Bhoke akalia. "Kama unanipenda, sema! Yuko wapi?"

Alifumba macho. Akasema.

"Siwezi kuzika mtu ambaye najua leo asubuhi amekula ugali. Dolphine ako hai. Ako Mfangano."

Yakatoka yote, vipande vipande, huku shati likiwa bado mkononi mwa kijana wa Kosele. Boti haikupinduka, ilipinduliwa. Dolphine alitoroka na mwendesha mashine wa boti hiyo, mtu aliyempenda kabla ya ng'ombe kuja. Caleb hakujua. Alilia kweli, alizika tunda kweli. Baada ya miezi akamkuta upande wa nyuma wa kisiwa anatengeneza samaki, anaitwa jina jingine. Dolphine alimpigia magoti mchangani. Alijua kaka zake hawana ng'ombe wa kurudisha, wamekwisha kuoa nao. Wakijua yuko hai watamrudisha kwa fimbo. Akamwomba: niache nimekufa hivyo hivyo. Caleb akamwacha. Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu wa Karungu kwenda kule, akamfokea kila mvuvi aliyekitaja kisiwa mpaka wakaogopa kukitaja, akanunua samaki wote mwenyewe, asije mtu akamwona.

"Jumapili nilitaka umuone," akamwambia Bhoke. "Yeye mwenyewe alikubali. Nilitaka mtoto wetu azaliwe bila uongo kwa nyumba."

Wanaume wa Kosele walikuwa tayari wanashuka ufukweni kutafuta boti yenye mashine.

Bhoke aliwakimbilia. Alimshika Boaz mkono, akamwambia yeye Bhoke ndiye aliyekosea, wamwache mwanamke wa watu. Boaz akamsukuma kando kwa upole wa dharau. "Asante, mama," alimwambia. "Bila wewe hatungejua."

Walimleta Jumanne. Hakupitishwa langoni, kwa sababu mtu aliyekwisha zikwa haingii kwa mlango wa walio hai. Zablon aliamuru ua utobolewe kwa nyuma. Dolphine aliingia ameinama, mwembamba, jicho moja limevimba, na mtoto mgongoni. Yule mwendesha mashine walimwacha kule na mguu uliovunjika. Mtoto, kwa sheria ya ng'ombe, alikuwa wa Caleb. Wazee walimnyunyizia Dolphine dawa, wakamwonyesha chumba chake, wakaenda zao wameridhika. Mila imekaa sawa. Wanaokaa ndani ya mila ndio hawakukaa sawa.

Bhoke alimpelekea maji ya kuoga, kwani ndivyo mke mdogo anavyofanya, na hakujua afanye nini kingine. Alimkuta ameketi sakafuni, ananyonyesha.

"Wewe ndiye ulinifukua?" Dolphine akauliza.

"Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilidhani amekuua."

Dolphine alimtazama sana. Hapakuwa na chuki usoni pake, na hilo lilimuumiza Bhoke kuliko kofi. "Huyo?" akasema. "Huyo ndiye mtu peke yake aliyeniacha niishi. Nilikuwa nimekufa vizuri, mama. Nilikuwa na nyumba yangu. Nilikuwa nacheka." Akamgeuzia mtoto titi la pili, akageuka ukutani.

Majuto ni mjukuu, lakini ya Bhoke hayakungoja hata kuwa mwana. Usiku na mchana alijisikia anataka kujitoa ndani ya ngozi yake mwenyewe. Kisha Zablon akaja na uamuzi wa ukoo, na aliutoa bila ukali. Mwenye nyumba amerudi. Mwanamke aliyefungua kaburi, tena ambaye hakuna ng'ombe aliyetoka kwa ajili yake, hawezi kuzaa katika boma hili, asije akaleta chira, laana ya kuvunja mila, juu ya watoto wote. Jerusha alimkumbatia Bhoke kwa muda mrefu. "Nyathina, mwanangu," alisema, "wewe si mtu mbaya." Akaenda kumfungia nguo zake.

Caleb alimsindikiza mpaka mawe ya chini, njia inapoingia mtama. Bhoke alizungumza njia nzima. Waende wote wawili. Migori kuna kazi, Kisii kuna kazi, hata Tarime ng'ambo ya mpaka. Watapanga chumba. Atauza ndizi. Hatauliza kitu tena, au atauliza kila kitu, vyovyote atakavyo yeye. Amchukue na Dolphine, amrudishe kwa bwana wake kwa siri, halafu waondoke. Alikuwa anaomba kama anayezama.

Caleb alisimama. Machoni mwake kulikuwa na kitu kinachoyeyuka, na Bhoke alijua, akawa na hakika kabisa, kwamba anataka kukubali.

"Ngoja," Caleb akasema, na akanyoosha mikono kwa haraka amtue mzigo aliokuwa nao kichwani.

Bhoke akaruka nyuma. Hakukusudia. Kichwa chake kilijua kila kitu sasa, kilijua huyu ni mtu mwema kuliko wote aliowahi kuwaona. Mwili haukuwa umeambiwa. Mkono ulimkinga uso, mwingine ulikinga tumbo, mzigo ukaanguka ukafunguka njiani.

Walisimama hivyo. Caleb aliitazama mikono yake mwenyewe, akaishusha. Kisha akachutama, akaokota nguo moja moja, akazikung'uta vumbi, akazifunga vizuri. Mzigo hakumpa. Aliuweka chini katikati yao, akarudi hatua chache ili Bhoke aweze kuuchukua bila kuogopa.

"Si kweli," Bhoke akasema. "Caleb, hiyo si kweli. Nimeshtuka tu."

"Najua," alijibu. Akangoja mpaka mzigo ulipokaa sawa kichwani, ndipo akageuka akapanda mlima.